Bustani Isiyopigwa Dawa

Ukitoka Kitale kwa barabara ya Saboti, ukishazipita nyumba za mabati zilizobanana, ulikuwa ukiliona boma la Wachira kwa maua yake. Ndani ya ua wa michongoma, sukuma wiki ilisimama bega kwa bega na waridi. Kabichi zilikaa katikati ya maua ya manjano yenye harufu kali ya kufukuza wadudu, na maboga yalitambaa chini ya dahlia za mkewe, Nyaruai, zenye vichwa vikubwa kama sahani. Mgeni akiuliza mpaka wa shamba na bustani uko wapi, Nyaruai alikuwa akicheka.

"Hata sisi tuligombana mpaka tukachoka," angesema. "Mzee anasema ua haliingii sufuria. Mimi nikamwambia sukuma haipambi harusi. Basi zikakaa pamoja."

Jambo moja tu halikuwa na mjadala pale, nalo lilikuwa amri ya Wachira: dawa ya dukani isivuke lango. Tangu ujana wake hadi alipostaafu, mzee yule alikuwa akipiga dawa katika shamba kubwa la mahindi upande wa Kachibora, na mwishowe akawa foromani wa wapiga dawa wote. Alizijua sumu zile kwa harufu, kama mpishi anavyojua viungo. Pia alimwona mwenzake Kipruto akishinda juani na pampu iliyokuwa ikimvujia mgongoni, asiseme kitu kwa kuogopa kuitwa mvivu. Jioni Kipruto alianza kutapika. Wiki hiyo hiyo wakamzika.

Siku aliyoacha kazi, Wachira alirudi nyumbani na blanketi la zawadi, akavua ovaroli yake, akaichoma nyuma ya choo. "Nimemwaga sumu ya kutosha watu watatu," alimwambia mkewe. "Hapa tutalima na samadi na mikono yetu. Dawa hapana."

Wakalima hivyo. Samadi waliitoa kwa jirani yao Kemboi, mfugaji wa ng'ombe wachache upande wa pili wa ua. Majivu yalitoka jikoni. Wachira alisaga pilipili na kitunguu saumu, akaviloweka kwenye ndoo, na maji yale ndiyo aliyonyunyizia chawa wa mimea kwa ufagio. Mwaka baada ya mwaka udongo ukawa mweusi na laini, ukawa wa kuchimbwa kwa vidole. Mboga zao zilikuwa na mteja wa kudumu, Khadijo, mwenye hoteli karibu na msikiti mjini Kitale. Alichukua spinachi na dania kila asubuhi, na wakati wa Idi au harusi alichukua maua pia. Wateja wake aliwaambia, "Mboga yangu haina dawa. Kula na watoto wako bila wasiwasi."

Mambo yalianza kuharibika mwaka wa 2004, polepole, kiasi kwamba Nyaruai hakuweza baadaye kusema yalianza lini hasa.

Kwanza alimkuta Wachira akimwagilia vitalu mvua ikinyesha. Akadhani ni mzaha. Halafu mzee akapanda karoti mahali alipokuwa ameshapanda karoti. Akang'oa vitunguu vikiwa vembamba kama sindano, akavitazama, akavirudisha ardhini kimoja kimoja. Nyaruai alijifanya hakuona. Alikuwa akimfuata nyuma na kurekebisha, na jioni akimsifu kwa kazi. Majirani hawakujua kitu, na hata binti yao wa pekee, Mary Ann, aliyeolewa Bungoma, alipopiga simu aliambiwa tu, "Baba yako yuko shambani, hataki kuja kwa simu. Si unamjua?"

Siri hiyo ilifichuliwa na kapu. Asubuhi moja Wachira alipeleka mboga kwa Khadijo kama kawaida, na kabla ya saa sita Khadijo mwenyewe akafika bomani, buibui limejaa vumbi la barabara. Akaliweka kapu mbele ya Nyaruai. Lilikuwa limejaa mizizi minene ya dahlia, bado ina udongo.

"Mama Mary, mzee ameniambia ni viazi vitamu," Khadijo alisema kwa sauti ya chini. "Nilimwambia asante. Sikutaka kumwaibisha mbele ya watu."

Nyaruai alikwenda nyuma ya nyumba akakuta shimo pale dahlia zake zilipokuwa. Alizirudisha ardhini siku ile ile, moja moja, na Khadijo alimsaidia bila kuulizwa. Walipomaliza, Khadijo alinawa mikono akasema, "Mpeleke kwa daktari, dadangu. Hii si uzee tu."

Daktari wa mjini Kitale alimwuliza Wachira maswali mepesi. Leo ni siku gani? Mtoto wako anaitwa nani? Wachira alijibu kwa hasira, "Mimi nilikuja hapa kwa sababu ya goti." Goti lake halikuwa na shida yoyote. Daktari alimtoa Nyaruai nje akamweleza kwamba akili ya mzee inazimika kidogo kidogo, na kwamba vidonge angeweza kumwandikia, lakini visingerudisha kilichokwenda.

"Itakuwa namna gani mbele?" Nyaruai aliuliza.

"Kila mwezi utapunguza matarajio, mama," alisema daktari.

Nyaruai alilichukia jibu lile njia nzima. Alimpeleka mumewe kanisani akaombewa, wazee wakamwekea mikono kichwani, na Wachira akasema "Amina" kwa sauti kuliko wote. Wiki iliyofuata alimsahau mchungaji.

Kadiri siku zilivyokwenda, mzee alizidi kurudi nyuma, katika miaka ya shamba la Kachibora. Alfajiri aliamka akatafuta viatu vyake vya mpira akisema lori la wafanyakazi limefika. Nyaruai alijifunza kutobishana. Alimpa ndoo ya kumwagilia, akamwonyesha vitalu, akasema, "Meneja amesema leo uanze hapa." Wachira alifanya kazi kwa bidii, akiinama na kuinuka, na kwa saa chache ukimwona kwa mbali ungesema hana neno. Nyaruai alizipenda saa hizo. Alipalilia waridi zake huku akimtazama, na nyakati nyingine akajidanganya kwamba bustani ile itamshikilia, kwamba mikono ikiendelea kukumbuka, mtu mzima atabaki.

Ndipo Mary Ann akajifungua. Alifanyiwa upasuaji Bungoma, mtoto akatoka salama lakini mama akabaki dhaifu, na mumewe, Mukhisa, akapiga simu akiongea kwa woga wa mkwe. "Mulembe mama. Mary Ann anakuhitaji. Mimi siwezi kumwogesha mtoto, na dada zangu wako mbali."

Nyaruai alizunguka chumba kutwa nzima. Kusafiri na Wachira hakuwezekani. Mara ya mwisho walipopanda gari alitaka kushuka njiani, akapigana na makanga. Mwishowe alivuka ua kwa Kemboi.

"Enda mama," Kemboi alisema. "Mzee nitamwangalia. Si nashinda tu hapa na ng'ombe? Bibi yangu atampikia."

Nyaruai akaenda. Akamwogesha mjukuu, akampikia binti yake uji wa wimbi na mchuzi wa kuku, akafua. Kila jioni alipiga simu kwa Kemboi na kila jioni aliambiwa mzee yuko sawa, amekula, yuko shambani anapalilia. Mary Ann alipoanza kusimama wima, mama aliaga.

Harufu ilimpokea kabla hajafungua lango. Hakuwa ameisikia tangu enzi za ovaroli, lakini pua iliijua mara moja, ile harufu nzito ya stoo ya shamba inayokaa kooni. Alisukuma lango. Sukuma wiki ilikuwa imelala, majani yameungua yakawa ya kahawia, yamejikunja kama karatasi iliyotolewa motoni. Spinachi haikuwepo, kulikuwa na kamasi iliyokauka juu ya udongo. Waridi zilikuwa zimepukutika. Dania, maboga, maua ya manjano, vitunguu, kila kitu kilikuwa kimeungua, tena kwa mpangilio, safu baada ya safu, bila kuruka hata pembe moja. Mtu aliyeijua kazi yake alikuwa amepita pale.

Wachira alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba, miguu mitupu, pampu ya kubeba mgongoni iko kando yake. Alipomwona Nyaruai alisimama wima.

"Nimemaliza bloku yote," alisema. Uso wake uling'aa kwa fahari. "Hakuna gugu hata moja limebaki. Mwambie meneja aje aangalie."

Nyaruai aliliweka begi chini. Alimshika mkono akampeleka uani, akamvua shati, akamwosha kwa sabuni mgongo, mikono, na katikati ya vidole vya miguu. Akamwosha tena. Ngozi ya mgongo ilikuwa nyekundu. Wachira alicheka akisema maji ni baridi.

Kemboi alikuja akiwa ameivua kofia. "Mama, jana nilienda sokoni Chwele na ndume wa kuuza. Bibi alikuwa kwa mahindi. Stoo ilikuwa na komeo tu, sikuwa nimeweka kufuli. Ile dawa ni yangu ya kuunguza magugu kabla ya kupanda; ukipiga jioni, jua la kesho yake ndilo linaunguza." Aliigeuza kofia mikononi. "Sikujua kama anaweza kukumbuka vile pampu inafungwa."

"Hicho ndicho kitu cha mwisho atasahau," Nyaruai alisema.

Halafu wazo likamchoma. "Kemboi, leo asubuhi alikuwa wapi?"

"Nilimwona na kapu, akienda upande wa tao, kwa hoteli. Nikafurahi, nikasema mzee amerudia kazi yake."

Nyaruai alipanda bodaboda ya kwanza aliyoiona. Njia nzima aliwaona watu wa Khadijo mbele ya macho yake, madereva, wenye maduka, watoto wa madrasa wanaokula wali kwa mboga saa sita. Aliingia hotelini akihema. Khadijo alikuwa nyuma ya meza ya chai, na kwa uso wake tu Nyaruai alielewa kwamba anajua.

"Mlipika?"

"Kaa chini kwanza, Mama Mary."

"Khadijo, mlipika?"

"Hatukupika. Suad, msichana wangu wa jikoni, alizipeleka kuosha kwa karai, akaniita. Akasema, mama, mboga inanuka kama dawa. Nikanusa mwenyewe. Nimezimwaga kwa shimo la choo, na karai pia nimetupa." Khadijo alimshika mikono yote miwili. "Alhamdulillahi, hakuna mtu amekula."

Nyaruai alilia pale pale, mbele ya wateja. Khadijo alimwacha amalize. Kisha akamwambia neno ambalo wote wawili walikuwa wamelijua tangu alipoingia.

"Mimi napikia watu wengi. Nakupenda, wewe ni dada yangu. Lakini mtu akianguka hapa..." Akawatazama wateja. "Mboga nitatafuta kwingine. Usinikasirikie."

"Hata mimi singenunua," Nyaruai alijibu.

Habari haikuhitaji kupelekwa, ilikwenda yenyewe. Akina mama wa kanisa waliokuwa wakija na vikapu Jumamosi waliacha kuja. Walikutana naye njiani wakamsalimu kwa upole mwingi, wakauliza hali ya mzee, wakapita. Nyaruai angewezaje kumwapia mtu kwamba mboga yake haina dawa, wakati hakujua mumewe atainua nini kesho?

Hata hivyo alijaribu. Alifagia mimea iliyokufa akaichoma kando ya barabara. Alibandua udongo wa juu kwa jembe, akauhamisha kwa karai, akaleta samadi mpya, akatengeneza kitalu kimoja tu karibu na mlango wa jikoni ili aweze kukiona akiwa anapika. Akasia spinachi. Mvua ikanyesha vizuri. Dahlia, ambazo zilikuwa zimeungua juu tu, zilianza kuchomoza vichipukizi vyekundu kutoka ardhini, na Nyaruai akiwa amechuchumaa mbele yake alijikuta anahesabu ni rangi gani itatoka wapi. Alimpigia Mary Ann simu. "Zinarudi," alimwambia. "Dahlia zinarudi."

"Maitu, njooni mkae huku," Mary Ann alimwambia mama yake. "Utamchunga vipi peke yako?"

"Zinarudi, nakwambia."

Spinachi zilipofikia kimo cha kidole, Nyaruai alikwenda kisimani asubuhi moja. Aliporudi na ndoo kichwani alimkuta Wachira amepiga magoti kwenye kitalu. Alikuwa ameshang'oa zote. Ameziweka katika rundo moja safi, mizizi upande huu na majani upande ule, kama wanavyofunzwa vibarua. Kando yake palikuwa na rundo la pili, la vichipukizi vyekundu na mizizi minene iliyokatwakatwa kwa panga.

"Magugu yamezidi mwaka huu," alimwambia. "Yataua mahindi."

Ndoo ilianguka. Nyaruai alimpiga. Alimpiga kofi la uso, kisha begani, kisha mgongoni kwa ngumi, mahali ambapo ngozi ilikuwa bado haijapona. Katika miaka yao yote ya ndoa hakuna aliyewahi kumwinulia mwenzake mkono. Wachira hakujikinga. Alijikunja chini katikati ya rundo la spinachi, mikono juu ya kichwa.

"Usinifute, bosi," alilia. "Nina mtoto mdogo nyumbani. Usinifute. Nitarudia kazi."

Nyaruai alikaa kwenye udongo karibu naye, akamweka kichwa pajani. Alitaka kusema pole lakini aliona ya kuwa pole yake ingepokewa na mtu mwingine, mfanyakazi fulani wa Kachibora asiyemjua yeye. Walikaa hivyo mpaka bibi yake Kemboi alipochungulia uani, akaona, akarudi alikotoka bila kubisha.

Kemboi ndiye aliyelikodi shamba. Hakuficha. "Mama, mimi nitapanda mahindi na nitaweka mbolea ya duka na dawa. Sijui kulima vile mlikuwa mnalima."

"Panda," Nyaruai alisema. "Lima vile unajua."

Wakahamia Bungoma, katika nyumba ya kupanga ya Mary Ann, yenye vyumba viwili na ua mwembamba. Kila mtu alikuwa mwema, na wema huo ulimlemea. Kwa desturi ya akina Mukhisa, mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja wala kula meza moja, na kwa desturi ya kwao Nyaruai mambo hayakuwa mbali na hayo. Mukhisa alirudi nyumbani amechelewa makusudi. Alikula chumbani amejifungia. Akitaka kupita kwenda bafuni alikohoa kwanza, na Nyaruai akainuka na kugeukia ukuta. Katika nyumba ya watu wachache vile, watu walikuwa wakikwepana kama wenye deni.

Wachira alikuwa mtulivu Bungoma, na utulivu wake ulikuwa mbaya kuliko zogo la zamani. Hakutafuta tena viatu vya mpira. Hakuuliza lori. Alishinda kitini akitazama mlango, na Nyaruai alipomlisha alifungua kinywa bila kumtazama. Siku moja Mary Ann alimletea majani ya sukuma kutoka sokoni, akamwekea mkononi, akamwuliza, "Baba, hii ni nini?" Aliyageuza, akayanusa, akamrudishia. "Ni yako," alisema kwa adabu, kama mtu aliyeokota kitu cha mgeni. Mary Ann aliingia jikoni akafunga mlango.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na ukanda wa ardhi kati ya ukuta na choo, umejaa mawe na vigae. Jumamosi moja Nyaruai aliamka akasikia jembe. Mukhisa alikuwa huko tangu alfajiri, shati limelowa jasho. Alikuwa ametoa mawe yote, amechimba, ameleta magunia ya samadi kutoka kwao kijijini. Alipomwona mkwewe dirishani aligeuka upande, akamwita mkewe.

"Mwambie mama hapa ni pake," alisema kwa sauti ya kutosha kusikika. "Mwambie apande chenye anataka. Maua, sukuma, chochote. Mimi nitakuwa nachota maji."

Mary Ann alikuja dirishani, mtoto mgongoni, macho yana matumaini yasiyofichika. "Umesikia, maitu? Mbegu nitanunua leo leo."

Nyaruai aliutazama udongo ule. Ulikuwa mzuri, mwekundu, umelegea. Alijua ungehitaji nini na ungetoa nini, na ni miezi mingapi. Alingoja kidogo, kama mtu anayesikiliza iwapo ameitwa. Hakusikia kitu. Ndani, nyuma yake, Wachira alikuwa amejikojolea tena na alikuwa akisubiri mtu aje, yeyote.

"Mwambie asante sana," alisema. "Mwambie Mungu ambariki. Lakini amwage simiti hapo, tupate pa kuanika nguo. Nguo za baba yako na za mtoto hazitoshi kwa kamba ya mbele."

"Maitu, tafadhali."

"Simiti, Mary Ann."

Mukhisa aliliegemeza jembe ukutani. Hakuuliza mara ya pili, kwa sababu mkwe habishani na mama mkwe. Jumatatu alileta fundi, wakachanganya mchanga na kokoto, wakamwaga. Ilipokauka walisimamisha vigingi viwili na kufunga waya, na Nyaruai akatoka na beseni la nguo.